Umegongwa na gari ukitembea kwa miguu? Hivi ndio unafuata mpaka ulipwe

Huku kwetu Kenya watu wanagongwa kila wiki, wakivuka Kondele, wakingoja matatu Mamboleo, wakiuza nyanya kando ya lami kule Salgaa ama Luanda, na wengi wao hawaoni hata shilingi. Sio ati sheria haiko. Iko. Shida ni kwamba karatasi hazikuwekwa mapema, na mtu aliharakishwa kukubali kitu kidogo akiwa bado ana maumivu. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia pale Londiani Junction likaingia kwa wachuuzi na watu waliokuwa wamesimama stegi, zaidi ya watu 50 wakafa, na nchi nzima ikasikia. Lakini mama aliyevunjwa mguu jioni ya kawaida hakuna gazeti litamwandika, na haki yake ni ile ile, kwa hivyo lazima ajue njia mwenyewe.

Kwanza elewa pesa inatoka wapi, juu hapa ndio watu wengi wanakata tamaa bure. Sheria ya Kenya ya bima ya magari, ile inaitwa Cap 405, inasema kila gari na kila pikipiki ya barabarani lazima iwe na bima ya kulipa mtu wa tatu. Wewe uliyekuwa unatembea kwa miguu ndio huyo mtu wa tatu. Bima hio inalipa mpaka shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na korti ikikupatia zaidi ya hapo, inayobaki unamdai mwenye gari. Kwa hivyo mtu akikwambia "achana na huyo dreva, hana kitu, anaishi nyumba ya kupanga", mjibu kwamba hauendi kuchukua kwa mfuko wa dreva, unaenda kwa bima.

Hatua ya 1: Pale pale barabarani

Namba ya gari. Ukipoteza vingine vyote shika hio, juu bila namba hakuna wa kushtaki. Kama umelala chini huwezi kuinuka, mwambie mtu yeyote aliye karibu apige picha, na hata kama simu yako imevunjika apige na yake. Picha ya namba, picha ya gari venye imesimama kabla haijasongeshwa, alama za breki, zebra kama iko, na ile stika ya bima kwa kioo cha mbele. Hio stika watu huwa hawaiangalii kabisa na ndio ina jina la kampuni ya bima, namba ya cheti, na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Picha moja ya stika inaweza kukuokolea miezi ya kuzunguka.

Halafu mashahidi. Vijana wa boda wa hapo stegi huwa wameona kila kitu, pia mama wa kibanda na mlinzi wa petroli. Chukua majina na namba za simu za watu wawili ama watatu, na uchague wale watakuwa bado wako hapo mwaka ujao, sio abiria aliyekuwa anapita tu kwenda Busia. Gari ikikimbia, mtu wako aende siku hio hio kwa petroli ama duka lenye kamera aombe wasifute, juu kamera nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku chache.

Dreva kisheria lazima asimame na atoe jina lake na la mwenye gari, na kama hajafanya hivyo aripoti polisi ndani ya masaa 24. Lakini utasikia wimbo mwingine. "Mama, tumalizane hapa hapa, nikupeleke hosi nikununulie dawa, hakuna haja ya polisi." Akikupeleka hospitali kubali, ni wajibu wake kama binadamu. Akikupatia pesa ya dawa chukua, andika ni ngapi na ni ya nini. Lakini usiweke sahihi popote na usiseme mmemalizana, maana wewe mwenyewe bado hujui umeumia kiasi gani. Goti ambalo leo limefura kidogo, wiki ya tatu unaambiwa mshipa umekatika na unahitaji upasuaji, na yeye hashiki simu tena.

Hatua ya 2: Hospitali, siku hio hio

Enda hata kama unatembea. Bima ikiona umegongwa Jumatatu ukaenda hospitali Alhamisi itasema uliumia kwingine. Na kama ni emajensi hakuna hospitali inaruhusiwa kukufukuza ati huna pesa, Katiba kifungu cha 43 kimesema wazi mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Sasa angalia kitu kimoja hapa kwa makini, kiko kwa dirisha la kuandikisha. Karani anauliza jina, na mtu wako aliyekuleta anasema "Mama Brayo", ama anataja jina la nyumbani ambalo haliko kwa kitambulisho, basi kadi inaandikwa hivyo, eksirei inaandikwa hivyo, na miezi sita baadaye bima inasema huyu aliyetibiwa sio huyu anayedai. Nimeona hii ikisumbua watu sana, hasa huku kwetu ambapo mtu ana jina la ubatizo, jina la kuzaliwa, jina la mume na jina la utani. Jina kwa kadi lifanane na kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama liliandikwa vibaya ukiwa umezimia, rudi waliandike vizuri ama wakili akuandalie hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yako.

Pia mwambie daktari vizuri: "Nimegongwa na gari nikivuka barabara, mahali fulani, saa fulani." Halafu usome kilichoandikwa. Kadi ikisema "alianguka" utakuwa unapigana na kadi yako mwenyewe. Na taja kila mahali panauma, hata padogo. Watu wanaonyesha mguu uliovunjika wanasahau kusema kichwa kiligonga lami, baadaye maumivu ya kichwa yanaanza na hayako popote kwa maandishi.

Hatua ya 3: Polisi

Ripoti kwa stesheni inayosimamia hapo mahali ajali ilitokea, sio karibu na kwako. Ukigongwa Ahero na unaishi Nyalenda, ni Ahero. Kama umelazwa tuma mtu wa familia aripoti, wewe utaandika maelezo yako ukipata nafuu. Kuna vitu vitatu unataka kutoka hapo. Namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako kwa kitabu cha matukio cha stesheni, hio unapewa siku ya kuripoti, andika kwa simu na kwa karatasi. Fomu ya P3, ile ya kueleza majeraha, hio inajazwa na daktari na inatumika zaidi kwa kesi ya trafiki dhidi ya dreva, na fomu yenyewe haiuzwi, ni ya bure. Na abstrakti ya polisi, karatasi yenye muhtasari wa ajali, ambayo ndio bima na korti zitakuuliza kwanza.

Abstrakti ukipewa usiikunje ukaondoka. Simama hapo hapo kwa kaunta uisome mstari kwa mstari. Tarehe ya ajali ni yenyewe? Barabara ni yenyewe? Namba ya gari, kila herufi, juu B na D zinachanganywa kila siku? Jina lako limeandikwa kama la kitambulisho? Wamekuandika mtembea kwa miguu ama wamekuandika abiria? Jina la kampuni ya bima na namba ya cheti zimejazwa ama wameacha wazi? Kurekebisha hapo ni dakika kumi, kurekebisha baada ya kesi kufunguliwa ni taabu, na wakili wa upande ule mwingine anangoja tu kosa kama hilo.

Kuna mahali abstrakti inasema nani ana makosa, na mara nyingi utakuta imeandikwa bado uchunguzi unaendelea. Usishtuke. Fuatilia ujue kama dreva amepelekwa kortini kwa kuendesha bila uangalifu, na kama amepatikana na hatia omba nakala ya kesi hio ya trafiki, maana hatia yake inatumika kama ushahidi kwa kesi yako. Lakini hata kama hakushtakiwa, ama aliachiliwa, bado unaweza kudai fidia, hizo ni kesi mbili tofauti.

Hatua ya 4: Faili

Nunua faili ya plastiki na kila karatasi iingie hapo. Korti inagawanya fidia mara mbili. Kuna ile ya maumivu na ulemavu, hio hakimu anapima mwenyewe kwa kuangalia kesi za zamani za watu walioumia kama wewe. Na kuna ile ya pesa ulizotumia, na hii ni kali: usipoleta risiti haulipwi, hata kama kila mtu hapo kortini anajua dawa sio ya bure. Kwa hivyo risiti za hospitali, za dawa, za eksirei, za magongo, za ambulensi, ya abstrakti kama ulilipia, zote. Risiti za mashine huwa zinafifia mpaka karatasi inabaki nyeupe, pigia kila moja picha na utoe kopi mapema. Matatu haitoi risiti lakini ukitumia teksi kwenda kliniki mwombe dreva akuandikie, na ulipe kwa Mpesa ndio kuwe na alama.

Kuhusu kazi, hapa ndio wachuuzi na watu wa jua kali wanaonewa, maana hawana payslipu. Usikubali kuambiwa huna mapato. Toa stetimenti ya Mpesa ya miezi kabla ya ajali na ya baada ya ajali, hizo mbili zikiwekwa kando kwa kando zinaongea. Toa zile tiketi za kaunti unazokatiwa kila siku sokoni, kitabu cha chama, barua ya kiongozi wa soko ama ya fundi uliyekuwa unamfanyia kazi. Na kama ulilazimika kuandika msichana wa kukusaidia nyumbani, mlipe kwa Mpesa kila mwezi, asaini kwa daftari.

Hatua ya 5: Gari ni ya nani

Dreva mara nyingi ameajiriwa tu. Unashtaki dreva na mwenye gari pamoja, kwa sababu mwenye gari anabeba makosa ya mtu aliyemtuma kazi. Ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwa huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, ufanye utafutaji wa namba ya gari, inagharimu mia tano na kitu. Unachotaka ni nani alikuwa mwenye gari SIKU YA AJALI, sio leo, maana gari huuzwa haraka sana baada ya ajali na utajikuta unamshtaki mtu wa Eldoret aliyenunua juzi.

Kama ni gari la serikali, kimbia. Muda wa kawaida wa kufungua kesi ya kuumia ni miaka 3 kutoka siku ya ajali, lakini dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Gari la kaunti pia usilichukulie pole pole. Na hio miaka 3 yenyewe inaisha haraka ukihesabu kliniki na kuzungushwa, bima zingine zinakuambia "tunaangalia, tunaangalia" mpaka siku zinaisha, na barua za kubembelezana hazisimamishi saa. Kesi iliyofunguliwa kortini ndio inasimamisha.

Hatua ya 6: Wakili, na wale mabroka wa wadi

Ukiwa umelazwa Russia, ile hospitali ya Jaramogi ya Kisumu, ama PGH, hospitali kubwa ya Nakuru, mtu nadhifu anaweza kukujia kitandani na fomu, anajua jina lako, anajua gari iliyokugonga, anasema yeye ni wa ofisi ya wakili na utalipwa haraka. Usisaini na usimpatie kopi ya kitambulisho. Sheria ya mawakili inakataza kutafutiwa wateja namna hio, na watu wengi wamekuja kugundua kesi yao ilimalizika zamani na pesa ikachukuliwa na mtu wasiyemjua. Hili jambo linaniuma sana, kumwibia mtu aliye na mguu kwa plasta.

Chagua wakili mwenyewe. Tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, ina mahali unaandika jina la wakili inakuonyesha kama ana leseni ya mwaka huu. Enda ofisini kwake umuone yeye, sio karani. Ulizia ada na iandikwe, na ujue kwamba makubaliano ya "usiponishindia sikulipi, ukinishindia unachukua nusu" hayakubaliwi na sheria ya Kenya, malipo ya wakili yana mwongozo wake rasmi. Huna pesa kabisa? Huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria, NLAS, ina ofisi Kisumu na Nakuru. Pia unaweza kuomba korti ikuruhusu kushtaki bila kulipa ada.

Hatua ya 7: Ripoti ya daktari na barua ya madai

Wakili atakutuma kwa daktari aandike ripoti ya majeraha, na ikiwa kuna ulemavu wa kudumu aandike ni asilimia ngapi. Usikimbilie hii kama mfupa bado haujashika, ripoti ya mapema inaonyesha jeraha dogo kuliko lilivyo. Ukiwa na vyuma ndani ya mguu aandike pia gharama ya kuvitoa baadaye, maana korti huwezi kurudi mara ya pili kuomba hio. Bima nayo itataka daktari wao akuone. Enda, ni kawaida, lakini usijifanye shujaa. Akiuliza unaweza kuchuchumaa na huwezi, sema huwezi.

Barua ya madai inaenda kwa mwenye gari, kopi kwa bima. Na kuna notisi ambayo lazima bima ipewe kwamba kesi inafunguliwa, isipopewa kwa wakati bima inaweza kukataa kulipa hata ukishinda. Muulize wakili wako waziwazi, "notisi ya bima imeenda? Naomba kopi yenye muhuri wa kupokelewa."

Hatua ya 8: Wakikupatia ofa

Kumalizana nje ya korti sio vibaya, kesi inachosha. Lakini ofa ya kwanza mara nyingi ni ndogo. Muulize wakili kesi zinazofanana na yako zililipwa ngapi, akuonyeshe. Halafu kuna ile karatasi ya dischaji, ya kukubali kwamba madai yako yameisha, unayosaini ndio ulipwe, ikisainiwa mlango umefungwa, hata mguu ukianza kuoza huwezi kurudi. Kama Kiingereza kinakusumbua peleka mtoto wako, mwalimu, pasta, mtu unayemwamini, akusomee yote kabla hujashika kalamu.

Boda isiyo na bima ni hadithi tofauti kidogo. Unaweza kumshtaki mwenye boda na ukashinda, lakini hukumu bila mali ya kushika inabaki karatasi. Hapo mimi naona afadhali makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, yameandikwa, yamesainiwa mbele ya chifu na mashahidi wa stegi yake, lakini tu baada ya daktari kusema umeumia kiasi gani.

Hatua ya 9: Kortini

Unafungua kesi mahali ajali ilitokea ama anapoishi unayemshtaki, kwa hivyo inaweza kuwa Kisumu, Nakuru, Winam, Nyando, Molo, Vihiga, inategemea. Madai yasiyozidi milioni 1 Mahakama ya Madai Madogo inaweza kusikiza, na sheria inaipa siku 60 kumaliza, ingawa mawakili wana maoni tofauti kuhusu kesi za barabarani kupelekwa huko kwa hivyo mshauriane. Kubwa zaidi inaenda kwa hakimu, na hakimu mkuu anasikiza mpaka milioni 20.

Utaulizwa maswali magumu. Ulivukia wapi? Kulikuwa na daraja la juu? Ulikuwa umekunywa? Ulikuwa kwa simu? Jibu ukweli, maana hata kama ulikosea kiasi haupotezi yote, hakimu anagawanya makosa, tuseme dreva asilimia 80 na wewe 20, na fidia inapunguzwa hivyo. Anayedanganya kuhusu zebra halafu picha zinaonyesha hakuna zebra ndio haaminiwi tena hata kwa vitu vya ukweli.

Kama aliyegongwa ni mtoto, mzazi anashtaki kwa niaba yake, na korti inaweza kuamuru pesa iwekwe mpaka afike miaka 18. Kama alifariki, familia lazima kwanza ipate barua ya korti ya kusimamia mali yake ama ya kuendesha kesi hio tu, ndio ifungue madai, na muda ni huo huo wa miaka 3, kwa hivyo msingoje mpaka mambo ya shamba yaishe.

Hatua ya 10: Kulipwa

Ukishinda, upande ule unaweza kukata rufaa ndani ya siku 30, na mara nyingi wanaomba malipo yasimamishwe. Bima ikikataa tu kulipa, kuna kesi nyingine fupi ya kuilazimisha. Kampuni ya bima ikiwa imefungwa, kuna mfuko wa serikali, Policyholders Compensation Fund, unaolipa kiasi chenye kikomo, sio deni lote.

Pesa ikitoka inaingia kwa akaunti ya wakili, sio kwako moja kwa moja. Omba kopi ya barua ya bima inayoonyesha walilipa ngapi na tarehe gani, na omba hesabu iliyoandikwa ya kilichokatwa. Ukizungushwa wiki baada ya wiki, simu hazishikwi, ofisi kila siku "wakili ameenda korti", andika malalamiko kwa Advocates Complaints Commission, tume inayosikiza malalamiko dhidi ya mawakili. Ni bure, hauhitaji wakili mwingine, unaeleza tu kwa maneno yako na kuambatanisha kopi zilizo kwa ile faili yako.